Nyuso Ndani ya Moshi

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, duka la kusafisha picha pale barabara ya Oginga Odinga lilijaa mpaka wengine wakasimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Ungedhani wazazi wote wa Kisumu wamekumbuka kwa wakati mmoja kwamba mtoto anatakiwa paspoti nne. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta hadi masikioni. Nyuma ya pazia Oluoch, mpiga picha wa duka, alikuwa anapiga kelele: "Kidevu juu! Si hivyo, wewe, unatafuta ndege?"

Kwenye mashine alikaa Naswa. Alikuwa msichana wa Kimilili, miaka thelathini kasoro moja, mrefu, kitambaa cha kitenge cha njano kichwani, miwani imeshuka puani. Miaka sita alikuwa ameketi pale, na nyuso za mji mzima zilikuwa zimepita chini ya vidole vyake. Kidole chake kilikuwa na mazoea yake. Kabla uso haujachapwa, chenyewe kingebonyeza kitufe cha nuru mara mbili, uso ungeng'aa, mwenyewe angefurahi. Kisumu yote ilitoka kwenye mashine ile ikiwa imetakata kidogo kuliko ilivyoingia.

Ndipo akaingia mtu wa ovaroli ya buluu. Ilikuwa imefuliwa ikapauka, magamba ya samaki yamegandia kwenye viatu, na kifuani amekumbatia kamera kama mtoto mchanga aliyefunikwa asipigwe na baridi.

"Madam, samahani. Kule ng'ambo stima imepotea. Nyinyi mna jenereta?"

"Unaisikia inanguruma na bado unauliza?"

"Nina tatu tu za kusafisha."

"Kila mtu ana chache tu. Leta."

Naswa akaifungua ya kwanza, akadhani kioo kimezimika. Kilikuwa cheusi tii. Halafu akaona katikati ya weusi ule mlango mmoja, mweupe, unawaka, na nyuzi za moshi zimening'inia mbele yake. Mbele ya moshi palikuwa na kivuli cha kichwa cha mtu, kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Nywele za mkono wake zikasimama. Hakujua kwa nini.

"Huyu ni nani?"

"Mama Debra wa Usenge. Anakausha samaki kwa moshi tangu sijazaliwa."

"Mimi simwoni Mama Debra. Naona mlango." Foleni ikacheka. "Kweli, bwana, umepiga picha ya mlango. Mlango mzuri sana. Mama wa watu umemfanya pazia."

"Haki dada, mwonee huruma!" mama mmoja akasema huku anamfuta mtoto makamasi.

Naswa akangoja. Alijua kinachofuata. Mteja hununa, au hutukana, au huchukua vitu vyake akatafuta duka lenye ulimi laini. Yule mtu hakufanya hata moja. Aliinamisha shingo juu ya kaunta, akatazama kioo muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Sasa nifanye nini?"

Vidole vya Naswa vikasimama. Miaka sita kwenye kiti kile, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Kamera yako inaogopa mlango," akaanza, na sauti yake ikashuka bila yeye kupanga. "Inaona ule mwanga, inafumba jicho. Iambie ipime uso. Mlango uache uungue."

"Uungue?"

"Uwe mweupe pe. Nani anataka kuona mlango? Na hapa umetikisika. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi yote, ndiyo ubonyeze. Halafu chagua jicho moja, lile la karibu nawe. Pua ikiwa kali na jicho limelala, hiyo ni picha ya pua."

Mtu wa ovaroli akatoa daftari mfukoni. Kurasa zake zilijaa kalamu ya risasi: gesi, bomba, pampu ya Luanda Kotieno inavuja. Chini ya pampu akaandika, pole pole: *mlango uungue*.

"Unaandika?"

"Nitasahau, mwalimu."

"Mimi si mwalimu. Naitwa Naswa."

"Mimi Kangethe. Fundi wa mashine za barafu, huko kwenye mabichi yote ya wavuvi."

"Mkikuyu anawauzia Wajaluo barafu?"

"Siuzi, natengeneza. Na nimezaliwa hapa hapa, mama yangu anauza mapazia Kibuye. Kijaluo naongea kukushinda wewe."

"Mimi mtu wa Kimilili, kunishinda hapo si kazi."

Kangethe akacheka, na Naswa akaona kwamba jino lake moja la mbele limepanda juu ya lingine. Jioni, alipokuwa anafunga mashine, bado alikuwa analiona.

*

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kila mara picha tatu, kila mara swali lile lile. Na katikati ya wiki simu ikaanza kulia.

"Uko wapi?"

"Ndani ya chumba cha barafu, Usenge. Meno yanagongana. Niambie kitu cha joto."

"Chai."

"Naswa!"

"Uji wa wimbi."

"Wewe msichana wa Kimilili huna huruma."

Kangethe alimweleza kuhusu akina mama wa moshi. Walikuwa kumi na mmoja, wamejenga ofisi yao wenyewe kando ya banda lao la kukaushia samaki, chumba kimoja cha mabati, na walitaka sura zao zichapwe kubwa zitundikwe ukutani siku ya kufungua. Mama Debra ndiye aliyesisitiza. Alipozikwa mumewe, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka macho yakawa madoa, na wajukuu waliuliza yule ni nani. Yeye akasema atapigwa angali hai, tena pale pale anapofanyia kazi, si mbele ya pazia la maua.

"Studio hataki kabisa," Kangethe alisema. "Anasema huko atakuwa mgeni wa uso wake."

Jioni moja walikwenda Dunga kula samaki. Naswa alivaa dera la zambarau lenye maua meupe, akaacha miwani nyumbani, akajuta maana hakuuona mwiba. Kangethe akamtolea mwiba ule kwa vidole vya fundi, taratibu, kama mtu anayechomoa waya mdogo kwenye mashine. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya chuma kilichopoa, na kutoka mbali taa za wavuvi wa omena zilianza kuwaka, moja, mbili, kumi, hadi ukashindwa kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Wote wawili wakaacha kula, mikono yao yenye mafuta hewani.

"Unaona?" Kangethe akanong'ona. "Taa ndogo vile, na giza kubwa vile. Na bado taa ndiyo unayoitazama. Nataka nipige uso wa mtu hivyo."

Hapo ndipo Naswa alipompenda. Na hapo ndipo, bila kujua, alipoanza kuharibu.

Kwa sababu Jumamosi ya tano Kangethe alikuja na malaria. Macho yalikuwa ya manjano, koti amelifunga hadi kidevuni kwenye jua la saa sita, lakini anatabasamu.

"Leo nimempata, Naswa. Nimemwona mwenyewe kwenye kioo cha kamera, mle mle ndani ya banda. Mama Debra mzima mzima!"

Naswa akafungua. Giza. Alielewa mara moja kilichotokea: kioo kidogo cha kamera ukikitazama gizani, hata picha mbovu hung'aa kama asubuhi. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha akamtazama yule mtu aliyejikongoja na homa kutoka Usenge, na akamkumbuka Wakoli, aliyekuwa amuoe miaka miwili nyuma. Wakoli aliondoka akisema kuishi na Naswa ni kama kuishi na mwalimu wa zamu.

Kidole kikabonyeza. Mara mbili, mara tano, mara tisa. Akafuta chembechembe zilizojitokeza kama mchanga, akavuta kivuli, akapaka nuru pale ambapo haikuwahi kufika. Uso wa Mama Debra ukajitokeza, kwa shida, kama wa mtu aliye chini ya maji.

"Nzuri," akasema. "Nzuri kabisa."

Kangethe akaegemea kaunta, akambusu kwenye paji la uso mbele ya wateja. Oluoch akachungulia kutoka nyuma ya pazia, akatazama kioo, akamtazama Naswa, akarudisha kichwa ndani.

Jumamosi iliyofuata Kangethe hakuwa mgonjwa, lakini Naswa angeanzia wapi kusema kweli? Akabonyeza tena. Miezi miwili ikapita hivyo, wao wakipendana sana, na Kangethe akiamini mkono wake umekomaa.

*

Siku ya kufungua ofisi ya akina mama, Naswa alikuwa zamu. Simu ililia saa nane mchana.

"Mpenzi! Wamesemaje? Wamelia?"

"Wamelia."

"Nilijua tu!"

"Hapana. Hukujua." Sauti ya Kangethe ilikuwa bapa kama meza. "Kwa sababu walitaka picha kubwa, niliwapa kama zilivyo kwenye kadi, wakachapisha Bondo. Naswa, zilifunuliwa mbele ya chifu na pasta na watoto wa shule. Kumi na moja. Vichwa kumi na moja vyeusi, na nyuma ya kila kichwa mlango. Watu walidhani zimetundikwa kinyume."

"Mungu wangu."

"Mama Debra akasimama na fimbo yake, akaja mpaka pua ikagusa picha. Akaniuliza, 'Mimi ni yupi?' Nikamwonyesha. Akapapasa pale kwa kidole, akarudi akakaa. Afadhali angenitukana."

Naswa alishika kaunta.

"Nikamwendea mchapaji nimeshika moto. Akanifungulia kompyuta. 'Boss, zilikuja hivi.' Nikamwambia, mbona nikisafisha Kisumu zinaonekana? Akacheka. Akasema, basi huko Kisumu kuna mtu anakupenda sana. Naswa, ni kweli?"

"Kangethe, ulikuwa mgonjwa siku ile…"

"Malaria ilipona wiki moja. Picha umenitengenezea miezi miwili."

"Nilikuhurumia."

"Watu wa kunihurumia ninao. Mama yangu peke yake ananitosha. Wewe nilirudi kwako kwa sababu siku ya kwanza hukunihurumia."

Simu ikakatika. Naswa akapiga mara nane, kisha akaacha, maana wateja walikuwa wanamtazama.

Wiki tatu alipiga, simu haikushikwa. Alituma ujumbe mrefu, akafuta, akatuma mfupi, haukujibiwa. Mashine ilikuwa inatoa nyuso za watu na yeye anazitazama kama mtu anayehesabu matofali. Siku moja mzee mmoja alirudisha paspoti zake akasema, "Mama, hizi ni za ndugu yangu mweupe, si zangu." Wote wakacheka. Naswa akaenda nyuma ya pazia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia.

"Dada," Oluoch akasema, ameshika kamera yake kwa aibu, "unajua ulimkosea wapi? Ulimfanyia mtihani, ukampa cheti. Halafu siku ya kazi akatumwa peke yake."

"Najua, Oluoch."

"Sasa unakaa hapa kwa nini?"

*

Alhamisi akaomba ruhusa, akapanda matatu ya Usenge. Pale Kisian barabara inapogawanyika aliona matone ya mvua, akafikiria kurudi. Hakurudi. Saa nne alikuwa Usenge, viatu vyake vya kisigino kifupi vinazama mchangani, omena wametandazwa kwenye nyavu pande zote wakimeta kama mji mzima umemwagiwa misumari mipya.

Banda la moshi halikuhitaji kuulizwa. Mlangoni alisimama mwanamke mpana wa gambuti, dera limepauka, mikono kiunoni. Alikuwa Mama Rachael, mwenyekiti wa akina mama.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Umekuja kutung'arisha?" Kicheko kikatoka ndani.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa mlangoni hausikiki. Ingia, unatuzibia upepo."

Naswa akaingia, na miguu ikagoma hatua ya pili.

Mabati ya paa yalikuwa yametoboka kwa misumari ya miaka mingi, na katika kila tundu jua lilikuwa limeshusha fimbo moja ya mwanga, nyembamba, imesimama wima ndani ya moshi. Zilikuwa mamia. Moshi ulipopanda zilihama na kuyumba, ungesema zinapumua. Chini yake, ukutani kwa nyuma, matanuri ya udongo yalijipanga, samaki wamelala juu ya waya wakiwa na rangi ya dhahabu iliyoiva, na akina mama wameinama juu yao, migongo yote mlangoni, mikono inageuza, inageuza, bila kukoma. Mafuta ya samaki yalilia kwenye moto. Naswa alihisi kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

Miezi mitatu alikuwa ameutazama weusi huu kwenye kioo akaubonyeza uondoke, kama uchafu. Sasa alisimama ndani yake, macho yanamtoka machozi ya moshi na ya mengine, akaona haya.

Kangethe alikuwa amejibana ukutani, katikati ya matanuri mawili, kamera usoni. Akaishusha.

"Umefuata nini?"

"Kosa langu."

"Liko Kisumu, kwenye mashine."

"Na hapa liko. Nilikuwa nakufundisha kuhusu mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Nilikwambia uache mlango uungue. Sikujua kama hawa mama hawawezi kugeuka kuuangalia." Akafuta macho kwa kiganja. "Nionyeshe za leo."

Akasita. Mama mmoja akakohoa makusudi. Kangethe akanyoosha kamera.

"Si humu," Naswa akasema. "Humu kioo hiki kinadanganya, hata kiberiti kinaonekana jua. Twende nje."

Nje Naswa akafungua leso yake kiunoni, akajifunika kichwa pamoja na kamera, akatazama moja baada ya nyingine. Kangethe alisimama pembeni kama anayesubiri kusomewa hukumu.

"Bado nyeusi," sauti ikatoka chini ya leso.

"Sema zote."

"Macho hayapo. Unabonyeza mapema, unapiga kama mtu anayeiba, unawaogopa hawa mama. Lakini mkono…" Akarudi picha moja nyuma. "Mkono wa Mama Debra umeungoja. Umeupata pale pale unapotaka kushika samaki na haujashika. Zamani ulikuwa huuoni. Huo ni wako, Kangethe. Mimi sikuugusa."

Akajifunua. Wakatazamana kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Umekonda," Kangethe akasema.

"Na wewe unanuka samaki. Sikiliza. Mwanga wote unaingia mlangoni, unawapiga migongo. Wao hawageuki, samaki wataungua. Basi tuugeuze mwanga."

"Mwanga utaugeuza vipi, Naswa?"

Naswa alikuwa ameshaona gunia jeupe la mchele limekunjwa kando ya mlango, limefuliwa, safi.

"Gunia langu!" Mama Rachael akapiga ukelele kisu kilipopita kwenye ushono. "Hawa watoto wamekuja kuniletea hasara!"

"Litarudi, Mama."

"Litarudi likiwa shati?"

Naswa akalitandaza, akaingia hadi mwisho wa banda, akasimama bega kwa bega na Kangethe katikati ya matanuri, joto linamchoma magoti. Akaliinua gunia kuelekea mlangoni. Hakuna kilichobadilika. Akaliinamisha kidogo.

Uso wa Mama Debra ukatoka gizani.

Ulitoka pole pole, kadiri gunia lilivyoinama: kwanza shavu, kisha mfupa wa chini ya jicho, kisha mikunjo ya paji la uso, kila mmoja na kivuli chake chembamba. Mwanga wa ziwa ulikuwa umesafiri ukapita migongo yao, ukagonga gunia la mchele, ukarudi, na ukafika laini kama maziwa. Chini ya kidevu moto uliongeza wekundu wake. Mama mwenyewe hakujua. Aliendelea kugeuza samaki wake.

"Ngoja," Naswa akanong'ona. "Usiibe. Ngoja akupe."

"Moshi unaniua."

"Toa pumzi. Ngoja."

Samaki mmoja akapasuka kwenye moto. Mama Debra akainua macho, akawaona wote wawili wamebanana na gunia lao, na kitu kama kicheko kikapita usoni bila kufika mdomoni. Kamera ikalia mara moja tu.

Hata Mama Rachael alikuwa amelisahau gunia lake, kwa kuwa na yeye, kutoka pale aliposimama kando ya tanuri la mwisho, alikuwa ameuona uso wa mwenzake aliyefanya naye kazi miaka arobaini kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa.

Wakamtoa Mama Debra nje na fimbo yake. Naswa akamfunika leso, akaingia naye humo, vichwa viwili na kamera moja. Bibi akatazama. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya moshi na tumbaku.

"Huyu ni mama yangu," akasema. Akatazama tena, muda mrefu, kidole kikizunguka kioo bila kukigusa. "La. Ni mimi." Akamshika Naswa mkono. "Ni mimi, nyathina, mwanangu. Ni mimi kabisa."

Halafu akajifunua, akajipangusa uso kwa ukali. "Sasa mnanishikilia nini? Wapigeni na wengine, samaki wanaungua!"

Hadi saa kumi walikuwa wamewapiga wote kumi na mmoja. Dera la Naswa lilikuwa limeingia masizi, kitambaa kimeteleza, miwani haioni kitu. Walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nje ya ukuta wa banda, wakinywa maji ya kopo moja.

"Sasa ya Mama Debra," Kangethe akasema. "Ubaya wake uko wapi?"

Naswa akameza maji. Moyo ulimwambia anyamaze. Siku ilikuwa nzuri mno.

"Umemkata kitambaa juu," akasema. "Kidogo tu. Lakini umekata."

Kangethe akaangalia. Akaangalia tena. Akaanza kucheka, jino juu ya jino, akacheka mpaka akamwaga maji.

"Kweli nimekata! Kesho nampiga tena." Kisha kicheko kikamwisha, akageuza kopo mikononi. "Naswa. Nataka unipeleke Kimilili, kwa wazazi wako. Si kutembea. Kuwaambia."

Ndani ya banda kugeuza samaki kukakoma ghafla.

"Nikujibu ukweli?"

"Kama si ukweli, basi usinijibu."

"Baba yangu atakusumbua. Atakuuliza mambo ya watu wenu mpaka utoke jasho, na kuku utakula hata kama umeshiba. Mama yako naye nimemsalimia mara mbili, na mara zote mbili amenipima kama pazia. Mimi mwenyewe naogopa. Nikipenda mtu naanza kumdanganya, umeona mwenyewe, na sijui kama nimepona. Utakuwa unanikumbusha." Alikuwa anaongea akitazama mchanga. Sasa akainua uso, masizi na yote. "Lakini nataka. Nataka sana, Kangethe."

"Umesema nini?" Kangethe akauliza, si kwa kutosikia.

"Ee, umesema nini?" ikatoka sauti ya Mama Rachael kupitia kwenye tundu la bati. "Semeni kama watu! Huku moto unapiga kelele, hatusikii kitu!"

Naswa akasimama juu ya mtumbwi ule uliopinduliwa, akavuta pumzi hadi mwisho, akasema tena kwa sauti ya kuwafikia walio majini.